Naomba ushauri: kichanganuzi changu kinataja mstari usio sahihi kila panapotokea kosa

MgeniWaSintaksia (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandika kwa mkono kichanganuzi, yaani programu inayosoma maandishi na kuyachambua kwa kufuata sarufi, cha lugha ndogo ya mipangilio, ambayo kila tamko lake lina jina, alama ya usawa, thamani, na nukta mkato mwishoni. Kila kanuni ya sarufi ina funksheni yake, na funksheni hizo huitana. Faili lililo sahihi linasomwa vizuri kabisa. Shida huanza faili linapokuwa na kosa, kwa sababu ujumbe wangu unampeleka mtumiaji mahali pasipo na kosa lolote, na mtu aliyesahau herufi moja tu anaweza kupoteza muda mrefu akikagua mstari ulio salama. Jambo hili linaniuma, kwa kuwa ujumbe wa kosa ndiyo sehemu pekee ya kazi yangu ambayo mtumiaji ataisoma.

Funksheni yangu ya kusoma herufi inatunza vigeu 3: mahali nilipofika katika maandishi, nambari ya mstari, na nambari ya safu. Ikikutana na alama ya mstari mpya, inaongeza mstari kwa 1 na kuirudisha safu kwenye 1. Sasa, thamani inaweza kuwa orodha au jedwali, na vyote viwili huanza kwa mabano yale yale, kwa hiyo kichanganuzi hujaribu orodha kwanza, na kikishindwa hurudi nyuma kujaribu jedwali. Jana nilifuta kwa makusudi nukta mkato ya mstari wa 31 katika faili lenye mistari 40. Nikaambiwa kwamba kosa liko mstari wa 46.

Kuna mengine mawili. Mstari wenye neno «ng’ombe» huniletea safu iliyopitiliza kwa 2. Tena, makosa ninayoyagundua baada ya kukamilika kwa mti (muundo ambao kichanganuzi hujenga kutokana na maandishi, kila sehemu yake ikiitwa nodi), kama vile jina lililotajwa mara mbili, hayana mahali kabisa. Je, kila nodi ibebe mstari na safu yake? Na tabo ihesabiwe kuwa nafasi ngapi?

BaitiKwaBaiti

Karibu, ndugu mleta mada. Mstari wa 46 unajieleza wenyewe: unaporudi nyuma, unarudisha mahali ulipokuwa katika maandishi, lakini nambari ya mstari unaiacha ilipofika. Kila mstari mpya uliosomwa katika jaribio lililoshindwa unahesabiwa tena katika jaribio linalofuata. Ungeweza kuvihifadhi na kuvirudisha vigeu vyote 3 kwa pamoja, na tatizo hilo lingekwisha leo. Hata hivyo, nakushauri uende mbali zaidi, uviondoe kabisa vile viwili vya mstari na safu.

Mahali katika maandishi ni nambari moja tu, nayo ni ofseti, yaani idadi ya baiti kutoka mwanzo wa faili. Mstari na safu ni tafsiri ya nambari hiyo kwa ajili ya macho ya binadamu, na tafsiri hiyo haihitajiki hadi pale kosa linapoonyeshwa. Pitia maandishi mara moja na uandike katika orodha ofseti ambako kila mstari unaanzia: wa kwanza ni 0, na kila mwingine ni ofseti inayofuata alama ya mstari mpya. Ukipewa ofseti yoyote, tafuta katika orodha hiyo mwanzo wa mwisho usioizidi. Kwa kuwa orodha imepangika, unaweza kuigawanya nusu kwa nusu, na hata faili lenye mistari 1,000,000 litahitaji kama ulinganisho 20 hivi. Safu ni ofseti ukitoa mwanzo wa mstari, kisha ongeza 1.

Kompaila kubwa, yaani programu zinazogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, zinafanya hivyo. Clang, kompaila ya C na C++, huweka mahali pa kila kitu katika nambari moja ya biti 32, na maktaba ya msingi ya lugha ya Go nayo hutunza nambari moja, kisha huikokotoa kuwa jina la faili, mstari na safu pale inapoulizwa. Kwa programu inayosimama kwenye kosa la kwanza, hata hiyo orodha si lazima: hesabu alama za mstari mpya kuanzia mwanzo wa faili hadi kwenye kosa, basi. Mimi nilianza hivyo miaka mingi iliyopita, na sijawahi kuona sababu ya kubadilisha katika programu ndogo.

Angalia tu mafaili ya Windows, ambayo humaliza mstari kwa baiti 2, ya 13 na ya 10. Hesabu ile ya 10 peke yake, na uiondoe ya 13 unapouchapisha mstari.

MkondoWaData

Nakubaliana na mwenzangu, ila ushauri wa kuhesabu upya kutoka mwanzo unadai kwamba maandishi yote bado yamo katika kumbukumbu. Ikiwa data inakuja kwa vipande kutoka kwenye mtandao, na vipande vilivyokwisha kusomwa vinatupwa, hakuna mwanzo wa kurudia. Hapo orodha ya mianzo ya mistari ijengwe kadiri unavyosoma, kwa sharti moja: ongeza mwanzo mpya pale tu unapouzidi ule wa mwisho uliomo. Kwa sharti hilo unaweza kurudi nyuma mara nyingi upendavyo bila mstari wowote kuhesabiwa mara mbili.

Njia ya kubeba mstari na safu nayo si kosa kwa asili yake. Parsec, maktaba ya kuandikia vichanganuzi katika lugha ya Haskell, inabeba jina la faili, mstari na safu katika hali ya kichanganuzi, na haisumbuliwi na kurudi nyuma kwa sababu hali hiyo haibadilishwi kamwe. Kila hatua inatengeneza hali mpya, na kurudi nyuma ni kuishika tena ile ya zamani, ambamo kila kitu kimo.

NuktaMkato

Kuhusu nodi: usiweke mstari wala safu ndani yake. Kila tokeni, yaani kipande kimoja cha maandishi kama vile jina, thamani au alama, iwe na ofseti 2, ya mwanzo na ya mwisho, ile ya mwisho ikiwa ni ya baiti inayofuata baada ya tokeni. Nodi ichukue mwanzo wa tokeni yake ya kwanza na mwisho wa tokeni yake ya mwisho. Ukitumia nambari za biti 32, nodi inaongezeka baiti 8 tu, na jina lililotajwa mara mbili utaweza kulionyesha kote kuwili, pale lilipotangazwa kwanza na pale liliporudiwa.

Mtego uliomnasa karibu kila mtu ninayemfahamu katika kazi hii ni kurekodi mwanzo wa tokeni kabla ya kuruka nafasi tupu na maoni. Ukifanya hivyo, kosa linaelekeza kwenye mwisho wa mstari uliotangulia, wakati neno lenyewe liko mistari 3 chini. Ruka kwanza, rekodi baadaye.

Kitu kinachokosekana kinataka kinyume chake. Nukta mkato ikisahaulika mwishoni mwa mstari wa 31, kichanganuzi hugundua kinapokutana na jina lililo mwanzoni mwa mstari wa 32, na kwa kawaida hulilaumu jina hilo ambalo halina kosa. Kwa hiyo hifadhi daima mwisho wa tokeni iliyopita, na unaposema «nilitarajia nukta mkato», elekeza hapo.

HerufiSiBaiti

Neno lako «ng’ombe» limeandikwa kwa ile alama iliyopinda, si ile iliyonyooka. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti, alama iliyopinda inachukua baiti 3, kwa hiyo neno lenye herufi 7 lina baiti 9, na hapo ndipo zile 2 zinapotokea. Ndani ya programu endelea kuhesabu baiti, lakini unapomwonyesha mtu safu, zihesabu herufi zilizo kati ya mwanzo wa mstari na kosa.

Ikiwa siku moja utataka makosa yaonekane ndani ya kihariri kupitia LSP, itifaki ya mawasiliano kati ya vihariri na zana za lugha, kumbuka kwamba huko mistari na herufi huanza kuhesabiwa kutoka 0, na hesabu hufuata vipande vya UTF-16 (mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi, kwa vipande vya biti 16) isipokuwa pande zote mbili zikubaliane vingine, jambo lililoruhusiwa tangu toleo la 3.17. Alama yako iliyopinda huko ni kipande 1, lakini emoji nyingi, ambazo katika UTF-8 ni baiti 4, huwa vipande 2.

Tabo usiikisie. Ihesabu kuwa herufi 1. Unapochora mshale chini ya mstari, nakili kila tabo iliyoko kabla ya kosa kama ilivyo, na herufi nyingine zote uziweke nafasi tupu. Hivyo mshale utakaa mahali pake, awe mtumiaji anaona tabo kwa upana wa 4 au wa 8.

MgeniWaSintaksia

Nawashukuru sana. Nimeviondoa vigeu viwili, na msimbo umepungua badala ya kuongezeka. Lile faili la jana sasa linatoa ujumbe huu:

```
mipangilio.txt:31:19: kosa: nilitarajia nukta mkato
mnyama = "ng’ombe"
                  ^
```

Limebaki moja. Kosa likiwa katikati ya orodha ndefu, jaribio la orodha linashindwa, la jedwali nalo linashindwa, na mtumiaji anaona ujumbe wa jedwali, unaolalamikia kipengele cha kwanza kabisa baada ya mabano.

BaitiKwaBaiti

Tunza kigeu kimoja cha kosa lililofika mbali zaidi. Kosa jipya likiwa na ofseti kubwa kuliko lililohifadhiwa, lichukue nafasi yake. Zikilingana, unganisha vitu vilivyotarajiwa, ili ujumbe useme «nilitarajia mkato au mabano ya kufunga». Likiwa na ofseti ndogo, lipuuze. Kigeu hiki, tofauti na vingine, usikirudishe unaporudi nyuma, kwani kazi yake ni kukumbuka yale yaliyoonekana katika majaribio yaliyoachwa. Mtu aliyeandika orodha ya vipengele 20 na kukosea cha 15 alikuwa anaandika orodha, na umbali uliofikiwa unatosha kukuthibitishia hilo.

NuktaMkato

Nami ningepunguza kurudi nyuma kwenyewe. Soma mabano, soma kipengele cha kwanza, kisha tazama tokeni inayofuata: ikiwa ni alama ya usawa, hilo ni jedwali, vinginevyo ni orodha. Uamuzi unafanyika mara moja, na kosa lolote linalofuata ni la jaribio moja tu.

MgeniWaSintaksia

Nimefanya yote mawili. Kosa katika kipengele cha 15 linaripotiwa kwenye kipengele cha 15.