Nataka kuhamia Pemba na familia, nina milioni 2 na ufundi wa friji. Nianzie wapi?

FundiBaridi_Ngamiani
Asalam aleikum wadau, na wasio waislam habari za jioni. Mi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Tanga mjini, kibanda changu kipo Ngamiani, huu mwaka wa 11 nakula kwa kazi hii. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yupo darasa la 5 mdogo la 2. Kama miezi minne sasa kichwani kwangu ni Pemba tu na nimefika mahali kuwaza peke yangu kumenishinda ndo mana nimeleta kwenu.

Chanzo ni msiba. Mama yangu asili yake Wete, aliletwa Tanga akiwa mdogo akaolewa huku huku, kule tumebakiwa na mjomba na watoto wake. Mwaka jana akafariki shangazi yake mama nikavuka kuzika, nikakaa siku 9. Siku ya tatu mtoto wa mjomba akanambia we si fundi, kuna mama hapo jirani friji lake haligandishi, anauza barafu za ukwaju na juisi mlangoni, lina wiki mbili limezimwa anamsubiri fundi atoke Chake Chake. Nikaenda na bisibisi ya kuazima, kufungua nyuma nakuta waya unaoingia kwenye kompresa umeoza kwa chumvi umekuwa kijani, nikaukata ule ubovu nikaunga, friji likaanza kunguruma. Yule mama akakaa chini sakafuni kaweka kiganja ndani ya friza anasubiri kama baridi inakuja kweli, hakuinuka mpaka alipoisikia. Kesho yake natoka alfajiri msikitini nakuta watu wanne wananingoja. Mpaka naondoka nimeshika friji 7, bila geji wala mtungi wa gesi.

Nikarudi Ngamiani. Mtaani kwetu mafundi friji tupo watano tunamgombea mteja mmoja na huyo mmoja anasema nitakutumia mwisho wa mwezi. Mwezi mzuri napata kama laki 4 na nusu, mwezi mbaya hata sitaki kuusema. Napanga vyumba viwili elfu 70, mke anakaanga vitumbua asubuhi ndo vinavyolipa daladala na daftari za watoto.

Akiba nina milioni 2 na laki 1, ni pesa ya mchezo na ya vikoba tumeikusanya miaka miwili. Nauli nimeshapiga, mizigo nimeshapiga, inatosha na chenji inabaki. Sasa naomba mwenye kujua anambie, ni Wete au Chake? Nyumba ya kupanga wanataka miezi mingapi? Watoto shule inakuwaje wakihama katikati? Na kibanda hapa nikiuze au nikiache? Mnisaidie kwa moyo mmoja, hapa naongelea maisha ya watu wanne.

Alumini_Machomane
Waaleikum salaam kaka. Mi wa Makorora hapo Tanga, nilivuka 2018 nikafikia Chake na mpaka leo nipo Machomane nafunga madirisha ya alumini. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mwenzio sikuambiwa na mtu haya, nimeyajua kwa kuumia.

Hesabu yako umeianzia pabaya. Nauli ya boti haijamshinda mtu, kinachomshinda mtu ni kuanzia mwezi wa pili na kuendelea. Pemba pesa ina msimu wake. Karafuu zikianza kuchumwa, mara nyingi kuanzia mwezi wa 7 au wa 8 mpaka kufunga mwaka, utasema ni kisiwa kingine. Usiku unapita unakuta nyumba nzima wamekaa barazani, bibi, baba na watoto, wanachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, huku wanapiga soga, asubuhi zimeanikwa kwenye majamvi mpaka kando ya barabara, harufu yake inakupokea kabla hujaiona nyumba. Zikikauka zinapelekwa kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, zinapimwa watu wanalipwa. Hapo ndo mabati yananunuliwa, madirisha yanafungwa, bint anaozwa na friji linaingia ndani. Miezi hiyo utakosa usingizi kwa kazi.

Alafu zinaisha. Ikifika masika, mwezi wa 3 wa 4 wa 5, mvua inapiga, mteja anakwambia fundi nifanyie ntakulipa karafuu zikitoka, na wala hakudanganyi, atakulipa kweli, ila wewe mpaka hapo unakula nini? Na mikarafuu nayo kuna mwaka inabeba mpaka matawi yanainama na kuna mwaka inapumzika. Mi mwaka wangu wa kwanza nilivuka mwezi wa pili, yani nilikuja na njaa yangu nikaikuta njaa ya wenyeji. Niliuza drili.

Lingine, kuna mtu atakuja na kiroba cha karafuu kavu akwambie fundi chukua hizi badala ya pesa. Usipokee kaka. Mnunuzi wa karafuu kule ni shirika la serikali peke yake, nje ya hapo inaitwa magendo na wanaikamata kweli kweli, we mgeni hutakuwa na wa kukutetea.

Kuhusu kazi yako yenyewe sina wasiwasi. Umeme wa Pemba unatoka huko huko Tanga, waya umelazwa chini ya bahari mpaka Wesha huku Pemba toka 2010, kabla ya hapo walikuwa wanaishi kwa majenereta. Toka waya ufike watu wamenunua friji kuliko mafundi waliopo. Na chumvi haichagui, kondensa ya nyuma ukiigusa inakuvunjikia mkononi kama papa kavu. Umeme ukikatika ukirudi kwa kishindo kompresa zinaondoka, kwahiyo njoo na gadi za friji, vile vifaa vya kulilinda na umeme, uuze, zitakulipia kodi. Tatizo lako litakuwa spea. Kompresa mpaka uagize Dar au Unguja usubiri boti. Kwahiyo katika hiyo milioni 2 toa laki 6 ziwe spea, usiziguse hata mtoto akililia baiskeli.

Wete ama Chake, mi nasema Wete kwa sababu una ndugu. Ukikaa kwa mjomba miezi mitatu ya mwanzo hulipi kodi, hapo umeshaokoa pesa kubwa. Nyumba nilizopanga mimi wote walitaka miezi sita mbele, vyumba viwili na uwani mi nalipa elfu 80 ila ni Chake hapa.

Mtoto_wa_Gando
Mi ndo kinyume chako, Mpemba wa Gando nipo Tanga Mwambani mwaka wa 15 sasa. Nyongeza zangu mbili.

Moja, ukifika tu, hata kabla hujafungua begi, mjomba akupeleke kwa sheha wa shehia yenu. Beba barua ya serikali ya mtaa wako hapo Ngamiani na kitambulisho cha NIDA, mke naye na chake akija. Usione ni usumbufu, kule sheha ndo anakujua nani kaingia nani katoka, ukiwa na shida yoyote hata ya mtoto kuandikishwa skuli utarudishwa kwake. We ni mtoto wa mwanamke wa Wete lakini makaratasi yako ya bara, heshimu hilo watakuheshimu. Na mtu asikudanganye akuuzie kiwanja kwa karatasi ya mkono. Zanzibar ardhi ni ya serikali, mtu ana haki ya kuitumia, na taratibu zake si hizi za huku ulizozoea. Panga kwanza, miaka ipite.

Mbili, na hili nakuomba yakhe kama ndugu yako. Boti ya kutoka Tanga haipo kila siku na utapata mtu wa kukwambia kuna jahazi linatoka usiku bandari bubu, nusu bei, mnalala mnaamka Pemba. Usipande. Usiwapandishe watoto wako. Ule mkondo wa Pemba una kina kirefu na kipindi cha upepo wa kusi mawimbi yanasimama. Wengine hapa mlikuwa wadogo 2011, meli ya Spice Islander ilivyozama usiku wa Septemba 10 ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Kule kwetu zipo nyumba mpaka leo hawana kaburi la kuzuru. Subiri boti halali, hata ikiwa wiki, vaa jaketi na ujue lilipo la mtoto.

Nimerudi_Pongwe
Mi nilienda na nimerudi, nilikaa miezi 8 upande wa Mkoani, kusini mwa Pemba. Naandika sio kumkatisha tamaa mwenzangu, ila lazima na upande huu ausikie.

Mimi nilikuwa kibarua wa ujenzi sina ufundi wa kushika kama wako. Nilihama na watu wote siku moja, mke na watoto watatu na godoro. Kodi miezi sita nikalipa, ikabaki laki 3. Mwezi wa pili mtoto wa kati akaugua, tukaandikiwa twende Unguja, nauli ya watu wawili, kulala, chakula, siku 12. Matibabu sikulipa kikubwa ila kile cha pembeni ndo kilinimaliza. Na kadi ya bima tuliyotoka nayo bara tulidhani itafanya kazi, uliza hilo mapema kabla hujaitegemea. Mke hakuwa na mtu wa kumlilia pale, mi natoka alfajiri narudi magharibi. Sikumsikia mpaka siku aliponambia nirudishe kwa mama.

Sijachukia Pemba. Watu wa Mkoani walitulisha, kuna bibi alikuwa analeta muhogo wa nazi na samaki kila ijumaa hajui hata jina langu. Lakini leo hii hapa Tanga nakula kwa kazi za huku Chongoleani linakoishia bomba la mafuta la kutoka Uganda, na nalala kwangu. Fundi, hapa kwako umepaangalia vizuri? Wageni wanaongezeka, nyumba za wageni zinaongezeka na kila chumba kina kiyoyozi.

Mama_Limbani
Fundi salaam. Mi wa Muheza nimeolewa Wete, nipo Limbani. Nimesoma yote hapo juu, wanaume mmeongea kodi na boti na karafuu lakini hakuna aliyemuuliza huyu kaka mkewe anasemaje. Mkeo anasemaje?

Maana yeye ndo atakayekaa na watu. Vitumbua atauza, tena vizuri, ila akija ajue unga, sukari na mafuta vinavuka bahari kuja huku kwahiyo bei yake si ya Ngamiani. Cha bei nafuu ni cha shambani na cha baharini, muhogo, ndizi, majimbi, samaki, pweza akibahatika. Ramadhani mchana kimya hakuna cha kuuza, pesa ni jioni, futari. Maji kuna siku yanatoka na siku hayatoki, anunue mapipa mawili siku ya kwanza. Mavazi sijui yukoje ila mtoto wa Tanga hatapata tabu na hilo.

Watoto sasa. Huku msingi wanamaliza darasa la 6 sio la 7. Wa kwako yupo la 5, ukimleta katikati ya mwaka ataingia la 6 mtihani ukimsubiri, hajazoea walimu wala vitabu. Wangu wa kwanza nilimfanyia hivyo, mtoto alikuwa wa tatu darasani Muheza akaja akawa analia chooni. Ama umlete mapema mwaka unapoanza na walimu wakushauri akae darasa gani, ama amalize kwanza huko. Barua ya uhamisho ichukue mwenyewe kwa mwalimu mkuu usisubiri itumwe.

FundiBaridi_Ngamiani
Wadau nimesoma mara mbili, na mara ya pili nimemsomea mke wangu kwa sauti. Mama Limbani swali lako limenigusa kwa sababu jibu lake nilikuwa silijui vizuri, mimi nilimwambia tunahama yeye akasema sawa, nikaichukua ile sawa nikaondoka nayo. Jana usiku kanambia anaiogopa bahari toka utotoni na hajawahi kunambia kwa sababu mama yangu ni wa huko. Tumeongea mpaka saa 8.

Tulipofikia ni hivi. Navuka peke yangu mwezi wa 7 mwishoni, nafikia kwa mjomba, barua ya mtaa nimeshaiombea leo. Yeye anabaki na laki 9 na vitumbua vyake, laki 6 naweka spea kama ulivyosema kaka wa Machomane, gadi 20 kwanza. Kibanda siuzi, namwachia kijana wangu wa kazi tunagawana. Nakaa mpaka mwezi wa 11 narudi na daftari, tunakaa chini wote wanne tunaangalia kilichoandikwa, mkubwa atakuwa amemaliza la 5 kwa utulivu. Kaka wa Pongwe nimekusikia pia, nikirudi bila kitu nakutafuta huko Chongoleani.

Swali la mwisho, mtungi wa gesi ya friji naruhusiwa kupanda nao kwenye boti? Ninao wa gesi ya 134 na wa gesi ya 600.

Alumini_Machomane
Usifike nao tu siku ya safari. Nenda bandarini wiki moja kabla uulize ofisini, hasa huo wa 600 maana ule unashika moto, wasije wakakushusha na vyombo vyote. Geji, pampu na tochi ya kuchomelea hivyo beba, huku kuazimana ni shida.

Mama_Limbani
Mwambie mkeo namsalimia sana, na hiyo hofu ya bahari asiione aibu, hata mimi navuka nimefumba macho. We ukifika Wete pita Limbani ulizia kwa mama wa Kimuheza. Nina friji mbili, moja haigandishi toka mfungo mosi.