Naomba ushauri: waandishi wa habari na kikundi chetu cha kuokoa wanyama

Habari zenu wakuu. Tuko vijana sita hapa Tanga, tunaokota mbwa na punda waliogongwa au kutelekezwa, daktari wa mifugo anatusaidia kuwatibu.

Mwandishi wa redio alitufikia mara moja tu, siku mtoto alipong'atwa na mbwa ambaye hata si wetu. Habari ikatoka kana kwamba sisi ndio tunaoeneza kichaa cha mbwa. Iliniuma sana, maana wiki ile ile tulikuwa tunachanja mtaa kwa mtaa. Kichaa hukomeshwa kwa kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa, si kwa kuwapiga risasi, na hilo ndilo nataka lisikike.

Nafikiria kuwaalika waandishi Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Niwape takwimu, au niwaoneshe yule punda wa muuza maji, punda aliyekatwa panga mguuni na sasa anatembea? Mimi naamini zaidi huyo punda. Muuza maji mwenyewe yuko tayari kuongea.

Halafu ile bahasha ya nauli, pesa ambayo waandishi hutarajia kupewa wakialikwa. Mliowahi kufanya kazi chumba cha habari, nikatae vipi bila kumuudhi mtu?