Dodoso la chama: unaulizwa maoni au unalishwa maneno?

Wadau, naleta hoja tuijadili. Je, mwananchi ana sababu yoyote ya kujaza dodoso la sera za ndani lililotungwa na chama cha siasa? Mimi nasema hana, na matokeo yake hayafai kutangazwa popote kuwa "maoni ya wananchi".

Soma maswali yenyewe. "Je, unaunga mkono njama ya wapinzani wetu ya kuwakamua wafanyakazi kwa kodi?" Upande wa pili nao: "Je, unakubali matajiri waendelee kukwepa kodi huku wagonjwa wakikosa dawa?" Nani atajibu ndiyo? Kiwango cha kodi kiwe kipi, kianzie kipato gani, fedha ziende wapi: hayo hakuna aliyeyauliza. Mara nyingi hata nafasi ya "sijui" au "nakubali kwa sehemu" haipo. Unageuza ukurasa wa mwisho, unakuta visanduku vya mchango, kiasi kikiwa kimeshaandikwa, wewe utie alama tu. Hapo ndipo barua nzima ilikuwa inaelekea.

Marekani tabia hii imekomaa kiasi kwamba chama cha kitaaluma cha watafiti wa maoni, AAPOR, kinakemea waziwazi kuchangisha fedha kwa kisingizio cha utafiti. Mwaka 2010, wakati wa sensa ya taifa, Republican walikuwa wakituma barua za michango zilizobandikwa jina la sensa, hadi Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzibana barua za namna hiyo. Democrat nao hutuma madodoso yanayoishia kwenye mchango, kwa hiyo asinijibu mtu kwa ushabiki.

Na maswali huyumba hata mikononi mwa asiye na chama. Septemba 2013 CNBC, kituo cha televisheni cha Marekani, waliuliza kundi moja kuhusu "Obamacare" na jingine kuhusu "Affordable Care Act". Sheria ni ileile moja ya bima ya afya. Waliopinga jina la kwanza walikuwa asilimia 46, la pili 37. Kama jina peke yake linafanya hivyo, mtu anayetunga swali akiwa anajua jibu analolitaka atashindwa nini?

Nimesikia utetezi kwamba chama kina haki ya kuwauliza watu wake. Sawa, kiwaulize, kisha kitangaze kuwa wafuasi wake ndio waliosema hivyo. Wengine hutaja wingi: waliojibu ni malaki! Mwaka 1936, katika uchaguzi wa urais wa Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Orodha ya waliotumiwa ilikuwa imeegemea upande mmoja, na waliojisumbua kujibu hawakuwa picha ya wapiga kura wote. Dodoso la chama lina kasoro zote mbili, tena kwa makusudi.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya wanaosema kwamba usipojibu umenyamaza. Naielewa hofu hiyo, maana watu wengi hawaulizwi kitu kabisa na wanaona angalau hapa wametajwa. Lakini alama yako ikishaingia humo inasomwa na aliyeitega, kwa maana anayoitaka yeye. Mwandikie mbunge wako sentensi mbili zako mwenyewe kuhusu hospitali au kodi. Hizo hakuna wa kuzipindisha.

Mimi nikiletewa asilimia yoyote nataka kujua nani amelipia, walioulizwa walipatikanaje, na swali lilisomekaje neno kwa neno. Chama kikikataa kutoa hata kimoja, takwimu zake nazitupa.

Mwenye dodoso la chama chochote ambalo matokeo yake yalipinga msimamo wa chama hicho na bado yakachapishwa, alilete tulisome.