Uzi na riwaya vinagombania usiku mmoja. Nyinyi mnafanyaje?

MpendaKurasa

Habari zenu wapendwa. Nina swali ambalo nyumbani nikiliuliza wananicheka, ndiyo maana nimelileta huku.

Riwaya nimezisoma tangu utotoni, na ni mtu wa kuunguza chungu kwa sababu sura haijaisha. Mwaka huu nikajifunza kufuma. Nilianza na kroshia, nikaingia kwenye sindano mbili, na sasa uzi umeniteka kabisa. Tabu ni kwamba muda wa vyote viwili ni uleule: tangu vyombo vikishaoshwa mpaka usingizi unichukue. Nikishika shali, kitabu kinanitazama. Nikishika kitabu, vidole vinawasha. Matokeo yake nina riwaya nene iliyosimama katikati, shujaa wake amefungiwa ndani ya meli na barua asiyoruhusiwa kuifungua, na nina shali la rangi ya maziwa ambalo nalo limesimama katikati.

Nimejaribu kusoma huku nafuma: kitabu kinajifunga chenyewe. Nikajaribu kukisikiliza kwenye simu: mistari ikatoka mizuri, ila mwisho wa saa sikujua nani kamwoa nani.

Je, kuna kazi za uzi zinazopatana na kitabu? Mnagawaje muda? Na la mwisho, kusikiliza ni kusoma? Dada yangu anasema siyo, tena anasema kama hakimu.

SindanoMbili

Karibu kwenye chama, shoga. Mimi nimeacha kugawa kwa saa, nagawa kwa mwanga. Kukiwa bado na mwanga wa dirishani nafuma, hasa kama uzi ni mweusi au bluu iliyokolea, maana usiku kwenye uzi wa giza vitanzi huvioni hata uvae miwani mbili. Taa ikiwashwa, kitabu. Shali lako ni la rangi ya maziwa kwa hiyo una bahati, usiku bado linaonekana.

Kitabu kujifunga: tafuta kishikio cha kukisimamisha mezani, au vibanio viwili vya nguo, kimoja kila upande. Kwa kitabu kinene chukua vibanio vikubwa.

BiKitanzi

Mwanangu, waache wacheke. Baridi ikija watakuja kuomba kofia.

Nimefuma tangu nikiwa binti, na nimesoma kuliko nilivyofuma, kwa hiyo nitajibu kwa urefu, univumilie. Hukutuambia shali lenyewe linafumwaje, na jibu zima limejificha hapo. Kuna kazi ya uzi inayotaka macho, na kuna inayotaka vidole tu.

Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja, kile kilichopo kwenye ndoano. Ukigongewa mlango unaitupa kochini, ukirudi unakikuta palepale. Lakini kila unapochoma lazima uone unachoma wapi, na kwa hiyo kroshia na ukurasa haviivi chungu kimoja. Sindano mbili ni kinyume chake. Vitanzi vyote vimepanga foleni kwenye sindano, kidole cha shahada kinavisogeza kimoja kimoja kuelekea nchani, na ukishazoea unavihisi bila kutazama. Ubaya wake unaujua: kimoja kikiponyoka kinateremka mistari kadhaa na kuacha ngazi.

Kroshia ina msamaha mmoja. Vile vipande vya mraba vya blanketi, vinavyofumwa kwa mafungu na kuachwa mianya katikati ya fungu na fungu, ndoano inaingia kwenye mwanya, haiingii kwenye kitanzi. Mwanya unaupapasa tu. Hivyo naweza kuvifuma hata nikiwa nasoma barua ya mtu.

Lakini kama unataka kazi ya kweli ya riwaya, fuma kofia kwa sindano ya mviringo, ile yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa kamba laini ya plastiki. Kwa kofia ya mtu mzima chukua yenye urefu wa sm 40. Ukishaunganisha mduara unazunguka tu, hugeuzi kazi, huhesabu, kitanzi ni kilekile upande uleule mpaka ufike mahali pa kupunguza vitanzi kwa ajili ya utosi. Ule mwili wa kofia ndio uwanja wa hadithi. Ukifika kwenye kupunguza, zima simulizi, hesabu kwa sauti, malizia.

Sasa nikwambie jambo ambalo vitabu vya ufumaji havilisemi sana. Mkono unasikiliza hadithi. Nina skafu niliyofuma nikisikiliza riwaya ya upelelezi, na ukiilaza mezani unaona mahali ambapo imebana, upana umepungua kama kidole kizima, halafu inafunguka tena. Hapo ndipo mpelelezi alipoingia ghalani peke yake. Kwa skafu haidhuru, nami naipenda hivyo hivyo. Kwenye sweta ni balaa. Sweta linakokotolewa kwa sampuli: unafuma kipande kidogo, unapima sm 10, unahesabu vitanzi. Tuseme umepata 20. Kifua cha sm 100 kitataka vitanzi 200. Lakini ukianza kukaza kwa sababu ya hadithi, sm 10 zikameza vitanzi 22, vitanzi vilevile 200 vitakupa sm 91 hivi. Hilo utampa mdogo wako. Kwa hiyo sampuli ifumwe katika hali ileile utakayofumia sweta. Kama utasikiliza riwaya, fuma na sampuli ukisikiliza riwaya, tena iliyochangamka.

Na kabla ya sura unayohisi itakutoa jasho, weka uzi wa uokozi. Unachukua uzi mwembamba laini wa rangi nyingine, unautunga kwenye sindano butu, unaupitisha ndani ya vitanzi vyote vilivyoko kwenye sindano ya kufumia, unauacha humo na kuendelea. Likitokea la kutokea, unachomoa sindano, unafumua kwa raha, na ufumuaji unakomea kwenye ule uzi. Mashali ya matundu bila uzi wa uokozi mimi sigusi.

Upande wa kitabu: sura za kwanza soma mikono ikiwa mitupu. Hapo ndipo majina yanapogawiwa, na ukipitwa na majina umepitwa na yote. Riwaya ya koo tatu na vizazi vinne, au inayorukaruka miaka, hiyo ni ya macho. Ya upelelezi nayo ina hila: mwandishi mjanja anaficha dalili kwenye sentensi moja ya kipuuzi, na sentensi hiyo huja wakati wewe unasema moyoni "kumi na saba, kumi na nane". Zinazonikaa vizuri na uzi ni mbili. Zilizoandikwa kwa barua, kwa kuwa barua moja ni fupi na ina mwisho wake. Na zile nilizokwisha kuzisoma zamani. Riwaya unayoijua mwisho wake inakuachia nafasi ya kusikia jinsi ilivyoandikwa.

La dada yako nawaachia wengine, nisije nikagombana na watu nisiowajua.

KwaKupapasa

Shikamoo Bi Kitanzi. Niachieni mimi hilo la dada.

Macho yangu yalianza kufifia nikiwa shuleni, na sasa naona mwanga na vivuli tu. Riwaya zote nilizozipenda ukubwani nimezisikia kwa masikio. Nimelia kwa masikio, nimekasirikia wahusika kwa masikio. Anayetaka kuniambia sijasoma aje anihoji juu ya sura yoyote.

Tena jambo lenyewe si la juzi. Vitabu vizima vya kusikiliza vilianza kutengenezwa miaka ya 1930 huko Marekani na Uingereza, kwa ajili ya watu wasioona, vikiwekwa kwenye santuri. Riwaya moja ilikuwa rundo la sahani, na kila baada ya muda unainuka kugeuza upande. Fikiria mpelelezi yuko ghalani na sahani imeisha! Leo kuna tovuti ya LibriVox, ilianza 2005, watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha, na kusikiliza ni bure. Wasomaji hawalingani, mwingine anasoma kama anatangaza msiba, ila ukimpata mzuri unamfuata popote alipo.

MpendaKurasa, kuhusu kutojua nani kamwoa nani: huenda tabu si masikio yako, ni kasi. Punguza kidogo kasi ya msomaji mwanzoni mwa kitabu, mpaka sauti za wahusika zikukae. Halafu usiruke sura. Rudisha nyuma dakika moja kila unapoanza tena, kama mtu anayesoma tena aya ya mwisho kabla ya kufungua ukurasa mpya.

Na kufuma bila kuona kunawezekana, ndiyo kazi yangu ya kila jioni. Kila baada ya vitanzi 20 naning'iniza pete ndogo ya uzi kwenye sindano. Nikiigusa najua nimefika wapi, na kama kati ya pete na pete kuna 19 au 21 najua kosa liko humo humo, sihesabu mstari mzima. Mwanzo wa mduara naweka pete yenye fundo ili isifanane na nyingine. Natumia sindano za mianzi, kwa sababu kwenye chuma kitanzi kinateleza kabla hujakisikia, na pia chuma kinagongana kila mara na kunifunikia sauti ya msomaji. Uzi wa sufu unanyumbuka na kurudi, kidole kinapata cha kushika. Pamba haivutiki hata kidogo, baada ya saa moja kifundo cha mkono kinalalamika. Akriliki ni nyepesi na inafulika bila masharti, ila usiipitishie pasi, inalainika na kulala na haiinuki tena.

Mkaidi

Mimi nitakuwa sauti ya upinzani. Kwa nini vyote kwa pamoja? Tumezoea kufanya kila kitu juu ya kitu kingine mpaka starehe nayo imekuwa zamu ya kazi. Ukifuma, fuma. Ukisoma, soma. Shujaa wako kwenye meli anastahili macho yako yote mawili, kaka au dada, sijui ni yupi.

Mimi hubadilishana kwa siku, leo uzi kesho kitabu, na siku ya kitabu kapu la uzi linalala chumba kingine. Kama halionekani, vidole haviwashi.

SindanoMbili

Mkaidi, ungekuwa na watoto wawili usingesema "siku ya kitabu" 😂

Mkaidi

Ninao watatu. Ndiyo maana kapu linalala chumba kingine.

MpendaKurasa

Asanteni sana, sikutegemea hata robo ya haya. KwaKupapasa, nimemsomea dada yangu maneno yako mwanzo hadi mwisho. Kanyamaza kwanza, halafu akauliza hizo LibriVox zinapatikanaje.

Bi Kitanzi, shikamoo. Umegonga penyewe, shali ni la matundu. Ruwaza inajirudia kila mistari 12 na kila mstari wa mbele una hesabu yake. Na uzi wa uokozi ndiyo kwanza nausikia leo. Nimeamua shali liwe la mchana wa mapumziko, kimya, na usiku nianzishe kofia kama ulivyosema. Sindano ya mviringo ya sm 40 ninayo, unene mm 5. Naogopa kidogo ule mwanzo wa kuunganisha mduara. Kuna la kuangalia?

BiKitanzi

Marahaba mwanangu. Mm 5 kwa uzi wa unene wa kati ni sawa, ila fuma sampuli kwanza, usinisikilize mimi, sikiliza sampuli. Kwenye ruwaza nyingi za matundu mistari ya nyuma ni ya kawaida tu, kwa hiyo angalia maelekezo yako, huenda hata shali lina nusu ya kupumzika.

Mduara: anzisha vitanzi bila kukaza, la sivyo kofia itakata paji la uso. Ukimaliza kuvianzisha, laza kazi mezani na upange ukingo wote wa chini utazame ndani, kuanzia kitanzi cha kwanza hadi cha mwisho. Pitisha kidole kwenye ukingo wote kuhakikisha haujajizungusha kwenye kamba mahali popote. Ndipo uunganishe. Ukiunganisha ukiwa umejipinda hautanyooka hata ufume mistari mia, ni kufumua tu. Mstari wa kwanza na wa pili fuma bila kitabu, utazame tena. Ukifika kwenye kupunguza na vitanzi vikawa vichache, sm 40 itakuwa ndefu mno, vitakataa kuzunguka. Hapo hamia kwenye sindano fupi tano zenye ncha pande zote mbili, vitanzi ukivigawa kwenye nne na ya tano ikiwa ya kufumia. Zikikutatiza, rudi hapa uulize.