Wakuu, bia sita za mitindo tofauti naonjaje nyumbani bila ladha kuchanganyikana?

Povu Jeupe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwenye jambo lililonikaa moyoni siku hizi: bia za viwanda vidogo, hizi zinazopikwa kwa mafungu machache na kila mpishi ana mkono wake. Nimekusanya sita: pilsna, bia ya ngano ya mtindo wa Kijerumani, peli eli, IPA (ndugu wa peli eli, mwenye uchungu zaidi), bia chachu, na stauti (bia nyeusi) nzito yenye kilevi asilimia 9. Jumamosi jioni nataka tukae mimi, mke wangu na shemeji, tuzionje kwa utulivu na kila moja tuipe alama.

Shida tunayoipata ni kwamba tukishapita kwenye bia yenye uchungu mwingi, zinazofuata zinakuwa kama maji. Halafu mmoja akisema "hii ina embe", basi kila mtu anaanza kuonja embe. Naomba mnisaidie: nianze na ipi, ziwe na ubaridi gani, na alama zigawanywe vipi ili ziwe za haki? Tena juzi kuna peli eli moja ilinukia siagi waziwazi. Hiyo ni tabia ya mtindo au bia imeharibika?

Nawasilisha.

Kimea Kikavu

Mkuu karibu sana, umeuliza vizuri.

Mpangilio ndio nusu ya kazi. Nenda kutoka nyepesi kwenda nzito, na kutoka uchungu mdogo kwenda mkubwa. Kwa ulizonazo: pilsna, ngano, peli eli, IPA, stauti mwisho. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unakaa kwenye ulimi, na ladha ya nafaka iliyokaangwa kwenye stauti ndiyo inang'ang'ania zaidi. Ukianza na stauti, pilsna hutaiona kabisa.

La pili ni kipimo. Mililita 75 mpaka 90 kwa kila mtu zinatosha kunusa, kuonja mara tatu nne na kurudia. Sita za hivyo ni kama nusu lita tu kwa mtu mmoja, hivyo mtafika kwenye stauti mkiwa bado na akili ya kuielewa. Kati ya bia na bia, maji ya kawaida yasiyo baridi sana na kipande cha mkate mtupu. Msile chochote chenye pilipili wala chumvi nyingi, na kahawa iwe mbali. Manukato nayo siku hiyo mpumzike.

Mdomo wa Glasi

Nakubaliana na Kimea Kikavu, ila hajasema bia chachu ikae wapi. Mimi naiweka baada ya ngano, kabla ya hopsi kuanza kutawala. Asidi yake inausafisha mdomo vizuri.

Kimea Kikavu

Hapo tunatofautiana mkuu. Kama asidi ni kali, peli eli inayofuata itaonekana tamu kuliko ilivyo. Mimi bia chachu naipa zamu yake peke yake: mapumziko ya dakika kumi kabla, na mengine baada yake. Povu Jeupe, nusa kwanza. Ikiwa uchachu ni wa upole, fuata njia ya Mdomo wa Glasi.

Hopsi Mbichi

Niongelee ubaridi na glasi, maana hapa ndipo bia nzuri nyingi zinapoonewa.

Friji ya kawaida inakaa karibu nyuzi 4. Pilsna inafurahia hapo mpaka 7. Peli eli na IPA zipe 7 mpaka 10. Stauti ya asilimia 9 inataka 10 mpaka 13, kwa hiyo itoe kwenye friji nusu saa kabla ya zamu yake. Baridi kali inaua harufu, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Ukitaka kuhakikisha, onja stauti ikiwa imetoka tu kwenye friji, kisha iache glasini na uirudie baadaye. Chokoleti na kahawa zitajitokeza zenyewe bila kuzitafuta.

Glasi iwe yenye tumbo na mdomo unaobana kidogo, hata ya divai inafaa. Ioshe, kisha isuuze mpaka sabuni na mafuta viishe kabisa. Viputo vikinata ubavuni mwa glasi, au povu likianguka mara moja, kagua usafi kwanza kabla ya kuilaumu bia.

Jaza theluthi tu, zungusha taratibu, nusa mara fupi fupi. Pua inazoea haraka, harufu nzuri kabisa hupotea ndani ya sekunde chache ukiing'ang'ania. Kisha onja, pitisha bia mdomoni kote, meza, halafu toa pumzi kwa puani ukiwa umefumba mdomo. Hapo ndipo utapata gamba la chungwa, msonobari, au hilo embe lenu.

Karatasi na Kalamu

Dada yenu nipo. Suala la alama na ubishi niachieni.

Waamuzi wa mashindano wanaotumia fomu ya BJCP, mpango wa kuthibitisha waamuzi wa bia, wana alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Mwonekano una 3 tu, harufu na ladha zina 32. Naipenda hesabu hiyo kwa sababu inakataza bia nzuri ya macho kushinda bia nzuri ya kunywa.

Ila alama zina maana pale tu unapojua bia ililenga nini. Bia ya ngano ya Kijerumani inatakiwa iwe na ukungu, na inukie ndizi mbivu na karafuu. Vyote viwili vinatoka kwenye hamira yake, hakuna tunda wala kiungo kilichotiwa. Ukiikata alama kwa ukungu umeionea. Ukungu huohuo kwenye pilsna ya kawaida ni jambo la kuuliza. Kwa hiyo tengeneza safu mbili: ya kwanza, "imefikia mtindo wake?", ya pili, "mimi nimeipenda?" Zisichanganywe. Mtu anaweza kuichukia bia chachu na bado akaipa 42, na hiyo ni haki.

Kuhusu embe: kila mtu aandike kimya kimya, hakuna kusema neno mpaka kalamu zote ziwe chini. Mtu mmoja amimine chumba kingine na glasi ziwe na namba tu. Macho yanatutawala kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waliotia rangi nyekundu kwenye divai nyeupe wakawapa wanafunzi wa divai. Wanafunzi wakaielezea harufu yake kwa maneno ya divai nyekundu. Na hao ni watu waliokuwa wanasomea mambo hayo.

Mkitaka kupima kama kweli mnatofautisha bia mbili, mimina glasi tatu, mbili ziwe na bia ileile, mtu aitaje iliyo tofauti. Kubahatisha kunampa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo rudieni kabla ya kushangilia.

Mdomo wa Glasi

Siagi naijibu mimi. Hiyo ni diasetili. Hamira huizalisha njiani wakati wa kuchacha, na ikipewa muda huifyonza tena. Mpishi akiharakisha, inabaki. Bakteria wa kwenye mipira ya kutolea bia pia wanaweza kuileta. Baadhi ya eli za Kiingereza na pilsna za Kicheki zinavumilia kiasi kidogo, lakini peli eli inayonuka siagi waziwazi hiyo ni kasoro, kata alama bila huruma.

Jifunzeni na hizi: tufaha bichi ni asetaldehaidi, mara nyingi bia haijakomaa. Mahindi ya kuchemsha au kabichi ni DMS, kemikali ya salfa inayotoka kwenye kimea (nafaka iliyooteshwa). Karatasi ya boksi ni hewa na uzee. Harufu ya kicheche ni mwanga: miale inaushambulia uchungu wa hopsi, ndiyo maana chupa ya kahawia inalinda kuliko ya kijani au nyeupe, na kopo linalinda kuliko zote.

Povu Jeupe

Wakuu, asanteni sana, na dada Karatasi na Kalamu shukrani za pekee. Fomu nimeshaanza kuchora, safu mbili kama ulivyosema. Bia chachu nimeamua kuipa zamu yake peke yake. Swali moja tu: IPA yangu ina tarehe ya miezi mitano iliyopita. Na ile ya ngano ina mashapo chini, niyaache au niyachanganye?

Hopsi Mbichi

IPA ionje hivyohivyo ila uandike umri wake kwenye fomu, harufu ya hopsi huwa ya kwanza kuondoka. Ukipata kopo jipya la bia hiyohiyo, linganisha.

Ngano: mimina sehemu kubwa taratibu, bakiza kidogo chini, zungusha chupa, kisha gawa hayo mashapo sawa kwenye glasi zote tatu. Mmoja asipopata, mtakuwa mnapima bia mbili tofauti.