Sam Rivers: ni kweli Miles Davis alimwacha kwa kupuliza "nje"?

saksi_Makorora

Wakuu, habari za jioni. Napuliza tena kwenye bendi ya dansi hapa Tanga. Upande wa ala za upepo tumebaki wawili tu, mimi na mwenzangu wa tarumbeta. Juzi jamaa kanitumia rekodi ya Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, akiwa Tokyo mwaka 1964, nikamsikia mpulizaji saksafoni ambaye si George Coleman wala Wayne Shorter. Naambiwa ni Sam Rivers, na kwamba alidumu safari hiyo moja tu kwa sababu alikuwa anatoka nje ya wimbo.

Huyu mtu alikuwa nani hasa, na aliishia wapi? Halafu, ni kweli alikuwa anapiga saksafoni, fluti na piano kwenye onyesho moja, au ni chumvi za mashabiki? Nauliza kwa sababu kiongozi wetu ananisukuma nijifunze fluti, nami naogopa kuharibu mdomo.

MzeeMpulizaji

Kijana, hilo la Tokyo ni kweli, lakini ni kipande kidogo sana cha maisha yake, na inaniudhi kila anayemtaja akianzia hapo. Mimi nimepuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni, tangu enzi za santuri na huyu ni mmoja wa watu ninaowarudia, kwa hiyo nivumilie, nitaandika marefu.

Alizaliwa 25 Septemba 1923 El Reno, Oklahoma, katika ukoo wa watu wa kanisa na muziki. Babu yake, Marshall W. Taylor, alikuwa mchungaji, na mwaka 1882 alichapa mkusanyiko wa tenzi na nyimbo za Weusi waliotoka utumwani. Sam akapitia jeshi la majini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kisha mwaka 1947 akaingia chuo cha muziki Boston. Hapo ndipo alipoiva. Alipiga na mpiga piano Jaki Byard, akaandika muziki wa bendi kubwa, na akamchukua kwenye kundi lake mpiga ngoma mtoto wa miaka 13. Mtoto mwenyewe ni Tony Williams.

Sasa ruka hadi 1964. Coleman kaondoka kwa Miles, na Tony, ambaye tayari ndiye mpiga ngoma wa Miles, anampigia debe mzee wake wa Boston. Ndiyo Julai ile ya Japani. Sikiliza "So What" ya Tokyo kwa makini: Rivers anaikunja noti, anaingia katikati ya mapigo mahali ambapo mwingine angesubiri, na Tony nyuma yake anafurahi waziwazi. Miles alitaka kitu kingine, na kabla mwaka haujaisha Shorter akawa ameshika nafasi. Lakini tazama kilichofuata. Desemba ileile Rivers aliingia studio kurekodi santuri yake ya kwanza kama kiongozi, *Fuchsia Swing Song*, na walioingia naye ni Byard, Ron Carter na Tony Williams. Yaani besi na ngoma za Miles! Mtu aliyeshindwa kazi hafuatwi hivyo. Humo ndimo mna "Beatrice", wimbo aliomtungia mkewe, ambao leo wanafunzi wa jazi wanaupiga kila mahali. Anzia hapo.

Bi_Mwanasha

Shikamoo mzee. Mimi nimesikiliza kazi zake za miaka ya sabini nikashindwa kumaliza upande mmoja. Nisamehe, lakini hiyo jazi huru kwangu ni kila mtu apige atakavyo, sisi tukalipe kiingilio.

MzeeMpulizaji

Marahaba binti yangu. Huo upande mmoja ni upi? Kama ni *Streams*, ile aliyorekodi jukwaani Montreux mwaka 1973 na Cecil McBee kwenye besi na Norman Connors kwenye ngoma, basi isikilize tena ukifuata ala badala ya kutafuta wimbo. Ni pigo moja refu lisilokatika. Anaanza na saksafoni ya tenor, anahamia fluti, anakaa kwenye piano, anamaliza na saksafoni ya soprano. Hata kwenye jalada vipande vimepewa majina ya ala. Kwa hiyo @saksi_Makorora, si chumvi. Kila anapobadilisha ala, mwendo na uzito wa muziki unabadilika, na hao wengine wawili inabidi wahame naye papo hapo. Kwenye fluti anapuliza huku anaguna na kupiga kelele za kooni, ukajua hata pumzi yake ameifanya ala.

Kuhusu kiingilio, hapo umegusa penyewe. Wenye klabu hawakuwa na haja na muziki ule. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na Beatrice walifungua Studio RivBea, namba 24 mtaa wa Bond, New York, jengo walimoishi humohumo. Wanamuziki waliokosa jukwaa wakalipata hapo. Mei 1976 wakarekodi siku kadhaa za maonyesho, zikatoka santuri tano kwa jina la *Wildflowers*. Ukitaka kujua kina nani walikuwa wanapuliza New York wakati ule bila redio kuwagusa, wamejaa mle. Mimi kama bendi lidi namheshimu zaidi kwa nyumba ile kuliko kwa solo yoyote. Kupuliza wengi tunapuliza, ila kuwafungulia wenzio mlango na kubaki unafagia ukumbi ni wachache.

besi_nyuzi_nne

Naongezea upande wetu wa besi. Mtu asiache ile trio yake, kundi la watu watatu, na Dave Holland kwenye besi na Barry Altschul kwenye ngoma. Walikuwa wanapanda jukwaani bila kupatana wimbo hata mmoja, na hawapotezani. Holland huyo naye alitoka kwa Miles. Mwaka 1972 wote watatu, pamoja na mpuliza saksafoni Anthony Braxton, walirekodi *Conference of the Birds* ya Holland. Bi Mwanasha, hiyo ina nyimbo za kuimbika kabisa, jaribu. Trio ilikutana tena New York 2007, Rivers akiwa na miaka 83, na bado hawakupanga kitu.

saksi_Makorora

Asanteni sana. Mzee, na baada ya nyumba ile? Na fluti yangu je?

MzeeMpulizaji

Studio ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Muongo uliofuata alisafiri na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, jambo linalowashangaza wanaodhani hakujua kupiga "ndani". Kisha miaka ya tisini ikamkuta Orlando, Florida, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mji ule umejaa wanamuziki walioajiriwa kwenye viwanja vya burudani vya Disney na vinginevyo, watu wanaosoma noti kama maji lakini mchana kutwa wanapiga vitu vyepesi vya watalii. Rivers akawakusanya akaunda bendi kubwa, akawawekea mezani karatasi ngumu alizoandika mwenyewe. Na kundi lake dogo la huko lilikuwa balaa: Doug Mathews, besi na klarineti ya besi; Anthony Cole, ngoma, saksafoni na piano. Wakiamua, wote watatu wanapuliza. Mwaka 1998 mpuliza saksafoni Steve Coleman (si yule George) alimsimamia kurekodi santuri mbili za bendi kubwa, *Inspiration* na *Culmination*, Rivers akiwa na miaka 74 au 75. Beatrice alifariki 2005, yeye akafuata 26 Desemba 2011, hukohuko Orlando.

Fluti: kiongozi wako ana haki. Vidole vinafanana sana na vya saksafoni, hapo utateleza tu. Kazi iko mdomoni, maana huku hung'ati kitu, unapuliza hewa ivuke ukingo wa tundu. Chomoa kile kichwa cha juu, kaa nacho peke yake mbele ya kioo mpaka kitoe sauti moja safi bila mvumo wa upepo, ndipo uunge mwili. Na ukimaliza fluti usikimbilie saksafoni papo hapo, pumzisha midomo kidogo. Hakuna kinachoharibika.

saksi_Makorora

Nimemsomea kiongozi uzi mzima. Amefurahi, ila amesema fluti tu inatosha, piano ni yake na nisiisogelee.