Waya za mita ya mfukoni zinaruka vipimo: nibadilishe vipi?

FundiSimu_Kongowea
Salaam aleikum wadau. Nina mita ya kidijitali ya mfukoni ya kupimia umeme, nyembamba, ile ambayo waya zake hazichomoki, zimeingia moja kwa moja ndani ya kasha. Nikigusanisha ncha mbili kwenye ohm inasoma 0.4, nikisogeza mkono inaruka hadi 2.7, mara inaandika OL (yaani hakuna mawasiliano). Ncha zenyewe ni nene, haziwezi kutua kwenye mguu mmoja wa IC (chipu) bila kugusa wa jirani. Kazi zangu ni bodi za simu na redio, na mara mojamoja soketi za ukutani na kisanduku cha fyuzi.

Naomba ushauri: waya upi, unene gani, ncha gani? Na je, nitoboe kasha niweke soketi za 4 mm ili waya ziwe za kuchomoka?

Ampia_Tudor
Wa aleikum salaam fundi. Kabla hujanunua chochote, tafuta palipokatika. Bana ncha mbili pamoja kwa klipu ya mamba ili mikono yote iwe huru, kisha kunja waya polepole mahali panne: shingo ya kila probu (mpini wenye ncha ya kupimia), na pale kila waya unapoingia kwenye kasha. Namba ikiruka, hapo ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi ni ndani ya sentimita mbili za kwanza za shingo, kwa kuwa hapo waya laini unakutana na plastiki ngumu na kila mkunjo unaangukia nyuzi zilezile.

Kata sm 5, vua ganda, tazama shaba. Ikiwa inang'aa, nyuzi zimechoka tu. Ikiwa nyeusi au ina unga wa kijani, hewa yetu ya chumvi imeshapenya chini ya ganda, na hapo risasi ya kuchomelea haitashika hata umwage flaksi (dawa ya kusafisha chuma ili risasi ishike). Kata sm 5 nyingine. Ukifika sm 15 bado nyeusi, tupa waya wote.

Halafu kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ukiwa mweupe, hiyo si shaba, ni aluminiamu iliyovishwa shaba. Sumaku ikiuvuta, ni chuma. Waya za namna hiyo hazifai kufufuliwa.

Binti_Sakiti
Kuhusu waya: silikoni, 0.75 mm² (karibu na 18 AWG, kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya), nyuzi 150 za 0.08 mm. Idadi ya nyuzi usiipuuze. Waya wa 0.75 wenye nyuzi 24 za 0.2 mm una shaba ileile na ukinzani uleule, lakini utakatika shingoni mapema zaidi.

Shaba ya unene huo ina kama ohm 0.023 kwa kila mita ya urefu. Waya mbili za sm 75 ni ohm 0.035 jumla. Ongeza viungo na ncha, utasoma kati ya 0.05 na 0.1, ikiwa mita yako inaonyesha desimali mbili. Ikitulia juu ya 0.2, kuna kiungo kibaya mahali. Ukipima ampia hilo si jambo dogo: 10 A ikipita kwenye ohm 0.2 unapoteza volti 2 njiani, na wati 20 zinageuka joto kwenye waya ulioushika.

Dukani usiamini neno la muuzaji. Omba kipande kidogo, ugusishe solda ya moto. PVC (plastiki ya waya za kawaida) huyeyuka papo hapo, silikoni hubaki ilivyo. Ukikiwasha, silikoni huacha jivu jeupe. Udhaifu wake ni makali: ukingo wa bati ukiikwaruza, mpasuko hukimbia. Ukipata yenye tabaka mbili za rangi tofauti ni bora zaidi, maana rangi ya ndani ikichungulia unajua waya umekwisha.

Kijana_Likoni
Mi naona njia rahisi ni kukata waya sm 10 kutoka kwenye kasha, uweke jeki za sauti za 3.5 mm. Unabadilisha ncha upendavyo.

Stima_Changamwe
Ndugu yangu wa Likoni, hapana. Fikiria ncha iko ndani ya soketi ya ukutani, kwenye waya wa moto, na ile jeki ichomoke. Pini ya jeki iko wazi, na sasa ina volti 240 mkononi mwa mtu. Ndiyo maana plagi za mita zinazofaa zimevishwa kofia ya plastiki kuzunguka pini: hata zikichomoka, kidole hakifiki kwenye chuma. Jeki ya sauti pia huunganisha nguzo zake mbili kwa muda wakati wa kuingia.

Na wewe fundi wa Kongowea, usitoboe. Soketi ya 4 mm inayopokea plagi yenye kofia inahitaji kina cha zaidi ya sm 2, na kasha lako halina kina hicho. Ukiilazimisha, soketi itakaa karibu na njia za shaba za bodi, na ile nafasi aliyoiacha mtengenezaji kuzuia umeme usiruke utakuwa umeila. Badilisha waya, uzipitishe kwenye matundu yaleyale.

Ila elewa jambo moja, nalisema kwa moyo wote: ukishaweka waya na probu za kujitengenezea, mita hiyo iwe ya bodi tu, vifaa vya betri na pawasaplai ndogo. Alama ya CAT III 600 V iliyoandikwa kwenye kasha (CAT ni daraja la usalama wa mita) haihami na kwenda kwenye waya ulizochomelea mezani. Kwa soketi na kisanduku tafuta mita nyingine yenye fyuzi ya kauri ya uwezo mkubwa, na probu zilizotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha usalama wa probu, IEC 61010-031. Tazama ncha zake: za CAT III na CAT IV chuma kilicho wazi hakizidi 4 mm, za CAT II zinaruhusiwa hadi 19 mm. Ndani ya kisanduku vyuma vimekaribiana, na kati ya fezi na fezi kuna 415 V. Ncha ya 19 mm ikiteleza inaunganisha viwili kwa wakati mmoja, na moto unaotoka hapo hausubiri fyuzi ya kioo.

FundiSimu_Kongowea
Shukran sana, nimeelewa. Hii itakuwa ya bodi tu. Sasa ncha nyembamba: nitumie sindano ya cherehani?

Binti_Sakiti
Sindano inafanya kazi, lakini ni chuma kigumu, huteleza juu ya risasi na kukwaruza bodi, na kushika kwake risasi ni kwa shida. Afadhali pini za springi aina ya P75 zenye ncha kali, pamoja na kikombe chake cha R75. Chomelea waya kwenye kikombe, kamwe si kwenye pini, kwa sababu risasi ikipanda ndani springi inaganda. Pini ikichakaa unaichomoa na kuingiza nyingine. Kasha la kalamu ya bei rahisi linatosha kuwa mpini. Acha 3 mm tu nje. Pini hizo si za kupimia ampia kubwa.

Ampia_Tudor
Kosa litakalokurudisha hapa ni shingo. Silikoni haishikani na gundi ya kawaida wala na hitishrinki (mpira unaosinyaa kwa joto) yenye gundi, kwa hiyo mvuto wote utaishia kwenye risasi. Funga fundo moja ndani ya mpini, au kaza taiti ndogo ya nailoni (kamba ya kufungia waya) kwenye waya upande wa ndani wa tundu. Fanya hivyohivyo ndani ya mita, ila hakikisha kasha linafunga bila kubana fundo.

Kisha hitishrinki mbili: ya kwanza 30 mm, ya pili 50 mm juu yake, ili ugumu upungue hatua kwa hatua. Wakati wa kuchomelea, bana waya kwa koleo 3 mm kutoka mwisho. Koleo linanyonya joto na kuzuia risasi isipande ndani ya nyuzi, kwani ikipanda, waya laini unakuwa kijiti, na mwisho wa kijiti ndipo patakapokatika.

Ukimaliza, gusanisha ncha, kunja kila shingo mara 20 ukitazama namba.

FundiSimu_Kongowea
Nimefuata yote. Inasoma 0.1, na haichezi nikikunja. Nizitunzeje?

Stima_Changamwe
Zikunje kwa duara pana, usizizungushe kwa nguvu kwenye mita. Weka ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na pakiti mbili za silika jeli. Ncha zifute kwa spiriti ya aisopropili, usizipige msasa, kwani dhahabu iliyopakwa juu ni nyembamba mno, na chuma kilicho chini yake kikishaonekana, chumvi itakila.